Amefungwa na vidole, au na pakiti?

Mpwa wangu ana miaka 15, na akishika simu vidole vyake vinaongea. Jumapili moja alikuwa amekaa barazani kwetu Mwananyamala anacheza nusu fainali ya mashindano ya mtaa. Vijana 16, kila mmoja ametoa shilingi 5,000. Bingwa anaondoka na 60,000, wa pili 20,000. Gemu ni ya mpira wa miguu, ile ya kwenye simu, na kila mtu anakuja na kikosi alichokijenga mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake kuanzia dakika ya kwanza. Alitawala mechi. Dakika ya 83, wakiwa 1-1, mwenzake alibutua mpira mrefu ambao hata yeye hakuonekana kuutegemea. Mpwa wangu alikuwa ameshaona hatari. Mabeki wake wawili walikuwa mbele ya mshambuliaji kwa hatua tatu nzima, na kipa alikuwa mahali pake. Mshambuliaji yule akawapita wote wawili kama vile wamesimama, akafunga.

Kijana alinigeukia. "Mjomba, nimekosea wapi pale?"

Sikuwa na la kumwambia. Hakuwa amekosea popote. Jioni ndipo tulipojua kwamba mshambuliaji yule alitoka kwenye pakiti, yaani fungu la wachezaji linalouzwa ndani ya gemu bila mnunuzi kujua nani yumo, siku mbili kabla, na kwamba mwenye simu alikuwa ametumia shilingi 40,000 kufungua pakiti mpaka akampata. Nikafikiri nimeielewa habari yote: mwenye pesa kamshinda asiye na pesa. Lakini mpwa wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye alinunua. Shilingi 15,000, pesa aliyopewa na shangazi yake kwa kumsaidia kuuza vitumbua alfajiri wakati wa likizo.

Akanionyesha inavyokuwa, kwa pakiti ya bure aliyokuwa nayo. Kioo kinaingia giza. Kelele za uwanja zinapanda taratibu. Unatokea mwanga, halafu bendera ya nchi ya mchezaji, halafu nafasi anayocheza, halafu nembo ya klabu. Vyote vinakuja kimoja kimoja, na moyo unapewa muda wa kwenda mbio. Aliniambia kwamba siku ile ya 15,000 bendera ilikuwa ya Brazil na nafasi ikawa winga, akasimama kitandani. Kadi ilipogeuka, alikuwa winga wa kawaida kabisa. "Tena nilikuwa naye tayari," akasema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na nimefika mahali ambapo sina shaka tena. Zawadi za kubahatisha zinazouzwa kwa pesa, zikimpa mchezaji nguvu ndani ya mechi, zinaua haki ya ushindani. Na zinaiua vibaya zaidi kuliko kama nguvu hiyo ingeuzwa waziwazi, kwa bei iliyoandikwa.

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya gemu. Televisheni ya mgongo mkubwa, PlayStation iliyowekewa feni pembeni isichemke, benchi la mbao, na jamaa wa kukusanya hela. Tulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Pedi mbili za kibanda hazikuwahi kuwa sawa, moja lazima iwe na kitufe kinachogoma, kwa hiyo kipindi cha pili tulikuwa tunabadilishana, asije mtu akasema kafungwa kwa sababu ya pedi. Ukitaka Real Madrid, chukua. Na mimi nikiitaka, naichukua hiyohiyo, jezi zikabadilishwa rangi. Hakuna aliyekuja na Ronaldo wake kutoka nyumbani. Anayefungwa ndiye anayelipia mechi, na hakuna aliyegoma kulipa, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameona kwa macho yake alivyofungwa.

Wazee waliokuwa wakicheza bao chini ya mwarobaini hatua chache kutoka pale walikuwa na utaratibu wa namna hiyohiyo. Bao la Kiswahili lina kete 64, kila mmoja 32. Unaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua. Mwenzako vilevile. Hata ukiwa na shamba zima la mikomwe huko kijijini, huwezi kuongeza komwe moja kwenye mkono wako. Hapo ukilala, umelazwa na akili ya mtu. Na karata je, si zina bahati? Zina bahati nyingi sana. Lakini wote mnachangiwa kutoka fungu moja, na hakuna anayempa mchanganyaji elfu tano ili avute tena.

Kwenye gemu za mpira mambo yalianza kubadilika Machi 2009, EA Sports, kampuni ya kutengeneza gemu, ilipoleta mtindo wa Ultimate Team ndani ya gemu yake ya FIFA 09. Badala ya kuchagua timu iliyomo kwenye diski, unajenga yako kwa kadi za wachezaji, na kadi zinatoka kwenye pakiti. Pakiti unaweza kuipata kwa kucheza, au kwa pesa. Mwaka wa fedha wa kampuni hiyo uliokwisha Machi 2021, Ultimate Team peke yake iliingiza dola bilioni 1.62. Gemu inayofuata ikitoka unaanza upya bila kitu, na kikosi ulichokitolea pesa kinabaki kule nyuma.

Ingekuwa ni ya kuburudika nyumbani tu, pengine nisingeandika makala hii. Lakini kuanzia msimu wa FIFA 17, mwaka 2016, ilikuja ligi ya wikiendi, mechi 40 kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, na ligi hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda kwenye mashindano makubwa. Msimu uliofuata, aliyetaka kufika fainali ya kombe la dunia la gemu hiyo pale London alipaswa kupambana kwanza humo, na kikosi chake cha kadi. Agosti 2018 Mosaad Aldossary wa Saudi Arabia alitoka na ubingwa na dola 250,000. Kijana yule ana vidole vya ajabu na simpunguzii hata chembe. Ninachosema ni kwamba ukumbi wa mashindano ya hadhi ile ulijengwa juu ya msingi ambao sehemu yake ni bahati nasibu ya kulipia.

Wapo waandaaji waliouona ubaya wake. Klabu za Ujerumani zilipoanza ligi yao ya gemu chini ya Virtual Bundesliga mwaka 2019, walicheza kwa mtindo ambao wachezaji wa timu zote wamewekwa alama 85 za uwezo, wote sawa. Hakuna kadi ya dhahabu, hakuna gwiji wa zamani aliyetoka kwenye pakiti. Ni kibanda chetu kile, ila kina taa nzuri zaidi.

Rafiki yangu mmoja, shabiki wa Yanga mpaka kwenye mifupa, aliniuliza swali zuri nilipomweleza haya. "Kwani mpira wenyewe si wa pesa? Yanga ilimchukua Aziz Ki kwa sababu ilikuwa na uwezo. Mbona huko hulii?" Nilikaa na swali lake usiku kucha. Ni kweli, mpira wa uwanjani una matajiri na maskini, na hilo lina kidonda chake. Ila Yanga ilipoamua kumtaka Stephane Aziz Ki mwaka 2022, ilizungumza, ikakubaliana, ikampata Aziz Ki. Haikupeleka mamilioni mahali, ikapewa bahasha iliyofungwa, ikaifungua ikakuta kipa wa akiba. Na Simba haikutoa kiasi hichohicho kwenye foleni hiyohiyo, ikakuta kwenye bahasha yake mchezaji bora wa ligi. Hapo ndipo penye tofauti, na ndipo mpwa wangu alipoumia. Hakushindwa na mwenye pesa tu. Na yeye alilipa, halafu akakosa. Kinachouzwa kwenye pakiti hakiwaweki sawa hata wale waliokubali kulipa.

Fanya hesabu ndogo. Chukua kadi yenye uwezekano wa asilimia 1 katika kila pakiti. Wengi wanaamini ukinunua pakiti 100 lazima itatoka. Hesabu inakataa. Uwezekano wa kuikosa kwenye zote 100 ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100, nayo inakaribia asilimia 37. Maana yake, wakija vijana 100 na kila mmoja akafungua pakiti 100, kama 37 hivi watarudi mikono mitupu, wakati wapo wengine walioipata kwenye pakiti ya pili. Sasa shusha uwezekano uwe asilimia 0.1. Kati ya vijana hao 100, kama 90 wanarudi bila kitu. Msimu wa FIFA 19 ulipoanza kuonyesha uwezekano kwenye pakiti, baada ya Apple kuwataka wenye programu waweke wazi, kadi zile zinazotafutwa na kila mtu ziliandikwa tu kwamba ziko chini ya asilimia 1. Chini kwa kiasi gani? 0.9 iko chini ya 1. Na 0.01 iko chini ya 1. Hizo ni dunia mbili tofauti kwa kijana mwenye hela ya vitumbua.

Kwa hiyo bei ya ushindi inafichwa. Kikosi ulichokutana nacho kinaweza kuwa kimegharimu miezi ya jasho, au laki tatu, au pakiti moja ya bure Ijumaa asubuhi. Huwezi kujua. Na usipojua, huwezi kuupima ushindi wa mwenzako wala kufungwa kwako mwenyewe.

Machi 2021 kilitokea kitu kilichonifungua macho zaidi. Zilisambaa tuhuma kwamba kuna mtu ndani ya EA aliyekuwa akiwauzia watu kadi adimu moja kwa moja, nje ya mfumo, kwa mamia ya euro na zaidi. Kampuni ikatangaza kuchunguza na ikasimamisha utaratibu wa kutoa kadi kwa hiari ya wafanyakazi. Wachezaji walikasirika sana, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tazama walichokasirikia: mtu kulipa bei inayojulikana na kupata kadi inayojulikana, kimyakimya. Mlango wa mbele, ambako unaweza kulipa zaidi ya hapo usipate kitu, tulikuwa tumeshauzoea.

Novemba 2017 kelele zilikuwa kubwa zaidi. Star Wars Battlefront II, gemu ya vita ya EA hiyohiyo, ilikuja na makasha ya kubahatisha yenye kadi za kuongeza nguvu vitani, na wachezaji wa dunia nzima wakasema hapana. Jibu la kampuni kwenye Reddit, mtandao wa majadiliano, kuhusu saa nyingi za kucheza zilizohitajika ili kuwapata mashujaa wa gemu hiyo lilipigiwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000. Kabla hata gemu haijaingia rasmi madukani, ununuzi wa ndani ulizimwa, na mwaka uliofuata nguvu za vitani zikatenganishwa kabisa na makasha. Nalitaja kwa sababu kuna watu wanasema haiwezekani, kwamba gemu za leo haziendeshwi bila kitu hiki. Pale iliwezekana ndani ya siku chache, watu walipokataa kwa sauti moja.

Na zipo gemu za ushindani mkali ambazo zinauza bahati nasibu lakini haziuzi ushindi. Counter-Strike ina makasha ya kulipia tangu Agosti 2013, ambayo ndani yake mna rangi za bunduki, basi. Bunduki ya kijani na ile isiyo na rangi zinatoboa sawasawa. Dota 2 inampa kila mtu mashujaa wote bure tangu siku ya kwanza, na mwaka 2021 mashindano yake makuu, The International, yalikuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 40, sehemu kubwa ikiwa imetokana na mauzo ya mapambo kwa mashabiki. Makasha ya mapambo yana ubaya wake, na watoto wanaocheza kamari kwa rangi za bunduki ni habari ya kutisha inayostahili makala yake. Ila ndani ya mechi, aliyeshinda kashinda.

Wanasheria wamelijadili jambo hili zaidi kwa upande wa kamari. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya kulipia ni kamari, na mwisho wa Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake za FIFA, zile za kununulia pakiti, nchini humo. Mbele ya kamati ya bunge la Uingereza, Juni 2019, mwakilishi wa kampuni hiyo alisema wao wanayaita mbinu za mshangao, akayafananisha na mayai ya chokoleti ya Kinder. Mfano huo umekaa kichwani mwangu, maana nawanunulia wanangu mayai hayo. Kichezeo kinachotoka kwenye yai la binti yangu hakiingii uwanjani kupambana na kichezeo cha mtoto wa jirani, na yai la jirani halimshushi binti yangu daraja.

Uholanzi ndiko nilikojifunza zaidi. Mamlaka ya kamari ya kule ilitaka kuitoza EA faini ya hadi euro milioni 10. Machi 2022 Baraza la Dola, ambalo kule ni mahakama ya juu ya kesi dhidi ya serikali, likafuta adhabu hiyo, na sababu yake kuu ilikuwa kwamba pakiti si mchezo unaosimama peke yake. Ni sehemu ya gemu kubwa zaidi, na gemu hiyo ni ya ustadi. Kisheria pengine wako sawa, mimi si mwanasheria. Lakini nilipoisoma sababu hiyo niliona wamelieleza tatizo langu kuliko nilivyoweza kulieleza mwenyewe. Dubwi, ile mashine ya kamari, limesimama kwenye kona yake, kila mtu anajua ni dubwi. Mkeka wa kubeti ukichanika umechanika, hakuna anayejidanganya kwamba alikuwa anajifunza kupiga krosi. Pakiti imeingizwa katikati ya mchezo wa ustadi, ikachanganyika nao mpaka huwezi tena kuvitenganisha. Hapa kwetu sheria inamzuia aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na mpwa wangu akikanyaga duka la mikeka atafukuzwa. Barazani kwetu, na simu yake, hakuna wa kumfukuza.

Najua pia hoja ya wale wanaocheza bure. Wapo vijana wasiotoa hata senti tano wanaowachakaza wenye vikosi vya mamilioni, na mwenyewe nimewaona. Kipaji kikiwa kikubwa mno, kadi haiwezi kukizuia. Ila ushindani wa kweli hauko pale ambapo mmoja anajua na mwingine hajui. Uko kwa watu wawili wanaolingana, kwenye 1-1 ya dakika ya 83. Hapo hatua moja ya mbio inaamua, na hatua moja ya mbio ndiyo inayouzwa.

Baada ya ile nusu fainali vijana wa mtaani walijaribu kurekebisha. Fundi simu anayeandaa mashindano aliweka kiwango: jumla ya alama za kikosi isizidi kiasi fulani. Haikusaidia. Kadi mbili zenye alama zilezile zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, moja inageuka na mpira kama upepo, nyingine inageuka kama lori la mchanga, na zile zinazogeuka vizuri zilikuwa zinatoka kwenye pakiti maalumu za wiki. Wakabishana wiki mbili. Mwisho mmoja wao, mdogo kuliko wote, akauliza kwa nini wasirudi kibandani tu.

Mwenye kibanda aliwapa Jumamosi asubuhi nzima. Timu za kwenye diski, anayetaka yoyote achukue, na pedi zinabadilishwa kipindi cha pili, kwa sababu hata leo pedi moja ina kitufe kinachogoma. Nilikwenda kutazama. Mpwa wangu alitolewa robo fainali, 3-1, na kijana wa Kinondoni ambaye hakuna aliyekuwa anamjua.

Njiani kurudi nilitegemea atanuna. Alikuwa anaongea bila kupumzika, mikono hewani kana kwamba bado ameshika pedi. "La pili lile, mjomba, nilimtoa beki wa kulia mapema. Yule winga alikuwa ananivuta makusudi, ananisubiri nitoke. Nilipotoka tu, akapitisha nyuma." Akasimama kando ya barabara, bajaji zikitupita, akanionyesha kwa dole gumba la kushoto namna beki yule alivyopaswa kubaki.